Treni Yangu Haina Mafuta

Juzi sokoni niliona katoto kakivuta treni ya mikebe ya sardini mbiombio, nikacheka: haka hakajui treni! Mimi nilipokuwa mtoto, yangu niliiegesha mlangoni pa jiko mchana kutwa, ikinuka samaki. Treni ya kweli, ile ya kwenda Ubundu, nilikuwa nimeiona ikiwa imesimama tu, donc niliamini kazi ya treni ni kungoja. Leo najua hutembea, siku ikipenda.

Tonton, mjomba wangu aliyelala kwetu akiisubiri hiyo ya kweli, alisikia harufu ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, jikoni, akaja.

"Toa mikebe yako, ama naipiga teke!"

"Haina mafuta, tonton."

"Mutoto wewe!"

Nikalala juu ya reli zangu za mianzi. "Bon, ngoja kama abiria wengine."

Akaguna, akapitia dirishani. Sikusogeza hata mkebe mmoja.