Gari Lililoacha Kumwelewa Baba

Baba yangu alikulia Burundi, na Kifaransa chake kilikuwa cha darasani, kila neno limenyooka. Nilipopata gari linalopokea amri kwa sauti kwa Kifaransa, mimi lilinielewa kwa kubahatisha, lakini yeye lilimwelewa kila mara. Tukitoka Kicukiro aliliambia lipige simu nyumbani, na Mama akasikika kwenye spika. Baba alicheka peke yake kwa furaha.

Kisha akapata kiharusi. Siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, nilimkalisha kiti cha mbele nikamfunga mkanda. Tulipofika barabara ya Kanombe alinyoosha mkono wake mzima kuelekea kitufe cha sauti. Nikakibonyeza. Akasema, lakini maneno yalitoka yamevurugika, na mate yakamchuruzika kidevuni. Gari likajibu kwa upole kwamba halikuelewa, arudie. Akarudia. Mara ya tatu likamuuliza kama anataka kusikiliza redio.

"Acha, Baba, nitapiga mimi," nikasema, nikatamka amri ile ile. Simu ikaita papo hapo.

"Baba watoto, mmefika wapi?" Mama akauliza.

Baba aligeuzia uso dirishani.

"Tunakuja, Mama," nikasema.

Tangu siku ile anakaa kiti cha nyuma. Nyumbani hujaribu kuzungumza na Mama, naye humsubiri mpaka amalize. Ndani ya gari hasemi neno, ingawa mtambo ule wa sauti nimeshauzima.