Karatasi ya Run na Karatasi ya Get

Kila nikinusa maka peni, pua yangu hurudi mji wa Hopkins, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, mwaka wetu wa kwanza Marekani. Baridi ya mwaka ule, wenzangu, iligandisha hata mawazo: ukiwaza jambo asubuhi, lilikuja kuyeyuka saa nane mchana.

Papa alikuwa amefundisha hesabu Uvira, kwetu Kongo, miaka kumi na minane. Hapa akawekwa darasa la jioni la Kiingereza, akaimbishwa majina ya matunda. Wiki ya tatu alirudi, akausukuma mkoba wake chini ya kitanda. "Mama Neema, mimi sirudi kule. Mtu mzima haimbi ndizi." Bila darasa lile angebaki akinitegemea mimi, binti wa miaka kumi, kumsemea hata mbele ya daktari.

Mama, aliyekuwa akifua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hakubishana. Alibandika karatasi mbili ukutani jikoni. Moja aliandika *run*, ya pili *get*.

"Haya, mwalimu. Vineno hivi viwili kila mtu anavyo mdomoni, na kila mtu ana maana yake. Chagua chako, tuone kipi kina maana nyingi. Atakayeshindwa mwisho wa mwezi anatwanga majani ya muhogo, anapika sombe. Ila maana uisikie kwa mtu wa nje. Neema asikusaidie."

"Mwanaume wa Uvira apike sombe?" Papa akasema, lakini tayari alikuwa anaitazama *run*.

Mimi nikapewa maka peni na kazi ya mwamuzi.

Papa alianza na kukimbia, akaongeza pua kutoka kamasi. Akakwama. Majirani zetu walikuwa Wakongo, kanisani Kiswahili mtupu. Siku ya tatu akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda. "Naenda kuwinda, siendi kusoma," akatuonya.

Alirudi na theluji mabegani kama mtu aliyelala nje mwaka mzima. "Andika, Neema, sijavua viatu makusudi." Kuendesha duka. Bomba kuachwa likimwaga maji. Rangi ya nguo kuchuja. Kugombea uongozi. Basi kuwa barabarani mpaka saa fulani. Karatasi ilijaa, tukaunga nyingine kwa selotepu.

*Get* ya Mama ilikuwa kupata, kuchukua, kuelewa, kufika, kupanda basi. Ilipogota tisa ikasimama.

"Mama Neema, gari lako limeishiwa mafuta," Papa akamtania.

"Wazee wangu hawasemi sana, nifanyeje?"

Nami, kwa Kiingereza changu kipya cha shule, nikamwambia kwamba tatizo lake hasikilizi. Nilidhani kweli Mama ana kichwa kizito. Mwezi ulipoisha Papa alikuwa na ishirini na tatu, na hakukosa darasa hata siku moja. Mama akapika sombe, kama alivyoipika kila Jumapili tangu aolewe.

Nilipofika miaka kumi na saba nilipata kazi ya likizo pamoja naye, kule kule kwenye mashuka. Saa ya kwanza tu msimamizi wetu alitamka *get* mara milioni: leta kile, amka, sogea, anza, maliza, fulani ameugua, fulani ameolewa. Mama aliitikia kila moja bila kuuliza, mikono haisimami. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaisha.

"Mama, mbona hizi hukuandika?"

Akanirushia ncha ya shuka. "Ningeandika zote, nani angerudi darasani?"

Tukakunja. Nilitamani kuyameza maneno yangu ya Kiingereza ya siku ile, lakini yeye alikuwa ameshavuta shuka jingine.

Papa bado huwasimulia watu kanisani jinsi alivyomshinda Mama Neema kwa kishindo. Siku hizi husimulia kwa Kiingereza, haraka kuliko mimi, na anayecheka kuliko wote ni Mama.