Chungu Alichokivunja Sekela

Wifi yangu Sekela simpendi. Nalisema mapema msije mkadhani nimehongwa nimsifu. Mume wangu Jonasi alipofariki, wanawake wote wa ukoo walikuja Makwale kupika msibani. Sekela akafika matanga yameshaanuliwa, kucha zimejaa udongo, eti alikuwa anachoma vyungu, angeviacha vingepasuka. Sijamsamehe. Lakini nililoliona ziwani mwaka huu nitalisema.

Ameolewa na kaka yangu kule Ikombe, ambako mlima umeshuka mpaka majini na ukitaka kufika unapanda mtumbwi. Wanawake wa huko wanafinyanga. Kila mmoja ana namna yake, ila ya Sekela ni ya wazimu. Chungu kikitoka motoni kikapoa, anaingia nacho ziwani mpaka kiunoni, anakigeuza mdomo chini, anakikandamiza, halafu anaweka shavu karibu na maji anatazama. Kikitoka kiputo hata kimoja, kidogo kama jicho la dagaa, anatoka na chungu chake anakipiga kwenye jiwe. Paa! Chungu ambacho wewe na mimi tungepikia maharage mpaka tuzeeke.

"Wifi, hicho si kingeuzika?" nilimwuliza siku moja.

"Wewe uza mpunga wako."

Huyo ndiye Sekela.

Sasa kuna Zebedayo, mfanyabiashara wa Ngana, anavuka mto Songwe kwenda Malawi na kurudi. Vyungu vya Ikombe vingi vinapita mikononi mwake. Huyu ana neno moja la Kiingereza, amelivaa kama kofia ya sikukuu: strongi. Chai ikijaa majani, strongi. Mahubiri, strongi. Upepo, strongi. Gundi, strongi. Mwanamke aliyejifungua juzi na leo yuko shambani, naye strongi. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini najua chai ni nzito, upepo ni mkali, gundi inashika, na yule mwanamke hana wa kumsaidia, basi. Mtu anatupa kila kitu kwenye gunia moja halafu anajiona msomi.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumwona kaka. Zebedayo kakaa mchangani, anagonga vyungu vya Sekela kwa ukucha.

"Mama, hivi vyembamba mno. Siyo strongi. Watu siku hizi wanataka kitu kinene. Nabeba mzigo huu mpaka sokoni Matema. Wakivikataa, mimi na wewe tumemalizana."

Nikamwangalia wifi. Kaka yangu mguu mbovu, nyumba ile inakula kwa udongo wa Sekela. Zebedayo akimwacha, nani mwingine atakuja kumbebea? Mnadhani alibembeleza? Thubutu!

"Unene hata kiboko anao," akasema. "Pakia."

Zebedayo akapakia anavyotaka yeye, vikubwa juu, aonekane sokoni ana mali. Sekela akamwambia vikubwa vikae chini.

"Mama, kazi hii naijua."

Haya. Zebedayo akakaa mbele, Sekela nyuma na kasia, mimi katikati, narudi kwangu, nimebanwa na nyasi za kukingia vyungu. Tulipopita majabali, upepo wa mwera ukatupiga ubavuni. Mtumbwi uliojaa juu haungoji kusukumwa mara mbili. Nikaona mbingu, nikaona giza, nikanywa ziwa. Nilipofumbua macho nimekumbatia mtumbwi uliopinduka, na Sekela kanishika kitenge mgongoni kama paka na mtoto wake. Zebedayo yuko kule mbali, kichwa kinazama kinaibuka. Mtu anavuka Songwe kila wiki na kuogelea hajui!

Vyungu vilikuwa vinajaa maji, vinakwenda chini kimoja kimoja kwa mlio wa mtu anayemeza. Kazi ya kiangazi kizima. Sekela hata hakugeuka kuviangalia. "Shika hapa. Ukiachia nitakupiga," akaniambia. Akakamata kimoja kikubwa kilichokuwa bado kinaelea, akajiegemeza kwenye mtumbwi, akakinyanyua, akakifudikiza juu ya maji mdomo chini. Kisha akaondoka nacho, anakisukuma mbele yake, anapiga miguu kwenye mawimbi yale. Mwanamke mwenye wajukuu!

"Nakufa, mama!" Zebedayo analia.

"Utakufa baadaye! Kumbatia kwanza! Usikigeuze!"

Akakumbatia. Na chungu kikakaa. Jamani. Mikono yangu imekufa ganzi, meno yanagongana, lakini nikasahau kuogopa. Ndani ya kile chungu mlikuwa na hewa tu. Nje udongo, mwembamba kuliko kidole changu kidogo, udongo aliouvuta kwa vidole vyake akiwa amekaa chini mlangoni kwake. Na lile jitu lote limening'inia pale, linapanda na wimbi, linashuka na wimbi, Sekela nyuma anasukuma kama anayesukuma toroli kwenda nyumbani. Nimezeeka na kitu kama kile sijakiona.

Mimi nilifuatwa na watu kwa mtumbwi mwingine. Nilipofika mchangani nikamkuta Zebedayo kakikumbatia chungu chake, hataki kukiachia. Nikangoja aseme neno lake. Strongi haikuja.

"Mama," akasema mwisho, "naomba nikichukue hiki. Nikiweke ndani, wanangu wakione."

Sekela akamnyang'anya. Akarudi nacho majini mpaka kiunoni, akakifudikiza, akakikandamiza, shavu karibu na maji. Kiputo kimoja. Halafu kingine. Kumbe kiligonga mahali wakati tunapinduka.

"Mama, usiki—"

Paa!

Hata mimi nilipiga kelele. "Wifi, una kichaa? Si kimemwokoa mtu?"

"Kimemwokoa. Na kinavuja. Kinachovuja hakitoki kwangu."

Zebedayo alitazama vile vigae, maji yanamchuruzika.

"Ukichoma tena," akasema, "nitakuja mwenyewe. Usimpe mwingine."

"Njoo. Na vikubwa vinakaa chini."

"Ndaga, mama," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Sekela akaanza kuokota vigae kwenye kitenge chake kilicholowa, maana vigae wanafunikia vyungu vipya motoni. Zebedayo akapiga magoti, akaokota naye. Mimi nimekaa palepale nimelowa, natafuta mtu wa namna ile anaitwaje. Kiswahili sikupata. Kinyakyusa, ambacho nimezaliwa nacho, sikupata. Lile neno la Zebedayo, mwenyewe alikuwa ameliacha ziwani.

Kigae kimoja kilikuwa miguuni pangu. Nikamsogezea wifi. Kwa mguu. Kuinama sikuinama.