Ng'ombe Asiyeulizwa Mwenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hunijia kwanza puani: harufu ya viazi vilivyooza ndani ya magunia, kwenye mlima ulio juu ya Keringet, msimu ambao mvua ilikata barabara na malori yakakataa kupanda. Nimeona nikusimulie kwa sababu juzi ulikuja kwangu na furaha tele. Umepata kazi kwenye kampuni inayokopesha watu kwa simu, na ukaniambia mnakwenda kuwainua wafanyabiashara wadogo wa mashambani. Sikukucheka. Nilimeza chai yangu polepole. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko yako, na helmeti kichwani.

Nilikuwa ndio nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi. Mimi mtoto wa Bondeni mjini Nakuru, niliyelelewa kwenye nyumba za kanjo, za baraza la mji, mama yangu akiuza mitumba, nikajiona nawajua maskini wote wa dunia kwa kuwa nilimjua mmoja. Shirika dogo la mikopo pale Nakuru likanipa pikipiki, koti la mvua, na vikundi vya akina mama huko Kuresoi, upande wa Keringet. Chuoni nilifundishwa kitu kinachoitwa dhamana ya kijamii. Maskini hana hati ya shamba, kwa hiyo mkopeshe akiwa ndani ya kikundi, kila mmoja awe mdhamini wa mwenzake; akishindwa mmoja, wenzake wamlipie, kisha wajue watakavyomfanya. Nilipata alama ya juu sana katika mtihani wa somo hilo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba, kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni kuweka rehani aibu ya mtu.

Kikundi kimoja nilikipenda kuliko vingine. Akina mama wale walikutana kila wiki kwenye kanisa la mabati, na walinipokea kama mtu anavyopokea mtoto wa dada yake aliyesoma mpaka akaharibika kidogo.

"Kijana wa pesa, leo umeanguka mara ngapi?" Mama Chair, ndivyo walivyomwita mwenyekiti wao, aliniuliza kila akiona matope kwenye suruali yangu.

"Mara moja tu, mama."

"Basi unajifunza. Wiki ile ingine ulianguka hata kama umesimama."

Walicheka mpaka mabati yakalia. Kisha wakanimiminia chai ya maziwa, nzito, kikombe juu ya kikombe, nami nikawalipa kwa methali. Haba na haba hujaza kibaba, niliwaambia. Mali bila daftari huisha bila habari. Walitikisa vichwa kwa adabu. Mtu mwenye njaa ya kusikilizwa, mwanangu, huona kila kichwa kinachotikisika kinakubali.

Katika kikundi hicho alikuwamo Mama Cherono, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi na akaipata, ila barabara ya kurudi ndiyo iliyompotea. Yeye alinunua viazi kwa wakulima, akavikusanya kando ya barabara na kuwauzia wenye malori. Mkopo wake wa kwanza aliulipa bila kuchelewa hata wiki. Wa pili nikamshawishi auongeze maradufu. Nilipokwenda kwake kukagua mali, niliona nyumba ya mbao, magunia, watoto wanne, na ng'ombe wa kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

"Ng'ombe huyu ni wako?" nikamuuliza.

"Anakaa hapa," akasema.

Nikahesabu kuwa ni wake. Jibu lile lilitosha kabisa kumshtua mtu yeyote mwenye masikio. Mimi nilikuwa na shahada.

Ndipo ikaja mvua ile. Barabara ikageuka mto, malori yakabaki chini, na viazi alivyonunua kwa pesa zetu vikaanza kugeuka kijani, kisha kulainika, kisha kutoa maji meusi. Wiki ya kwanza wenzake wakamchangia kwa moyo mkunjufu. Wiki ya pili wakamchangia kimya. Ya tatu mmoja akauliza kwa nini watoto wake wakose karo kwa sababu ya viazi vya mtu mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, nikawakumbusha mimi, mtaalamu wa methali. Nikaongeza kuwa kikundi kisipokamilisha hakuna atakayepata mkopo mpya, na msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia.

Sheria yetu ilikuwa kwamba mimi nisiguse kitu. Afisa akibeba kiti cha mtu, huo ni unyang'anyi. Majirani wakikibeba, huo ni uwajibikaji. Basi siku hiyo nilisimama langoni na helmeti mkononi, nikitazama wanawake waliozalishana, waliopikiana kwenye matanga, wakiingia nyumba ya mwenzao na kutoka na sufuria, redio, meza. Mama Cherono alikaa juu ya gunia la viazi vibovu, mtoto mdogo mapajani, akiwaelekeza kwa upole kama anayehama kwa hiari.

"Hiyo sufuria kubwa iko na mfuniko. Angalia nyuma ya mlango."

Vyote hivyo havikutosha. Mama Chair akanitazama, akatazama chini. Nami nikasema neno nililolipanga tangu asubuhi: "Kuna ng'ombe."

Hakuna aliyesogea. Nilidhani wanamhurumia. Miongoni mwao kulikuwa na ajuza mmoja, mkubwa wao wote. Wao walimwita Kogo, maana yake nyanya, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwanachama kama wengine, na sheria ilimtaka afike. Alikuwa ameegemea fimbo yake karibu na ua. Ng'ombe alipofunguliwa, alimwendea moja kwa moja, akaanza kumlamba mkono wa sweta. Kogo akaurudisha mkono wake ndani ya shuka. Nikajiambia, ona, hata ng'ombe wa huku wanajua kuaga wazee. Mchinjaji aliyekuwa akingoja barabarani akalipa, deni likatimia, na niliporudi mjini nikaandika kwamba kikundi kile ni cha mfano. Haikupotea hata shilingi. Wageni wakaletwa kutoka ng'ambo, wakapiga picha na akina mama waliotabasamu kama walivyoambiwa. Nikapandishwa cheo.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye furaha na mjinga, mambo mawili yanayopatana sana. Lakini baada ya miezi michache nilirudi kule kukagua mikopo mipya, nikaona jambo. Kanisani walinipa chai ya rangi, turungi. Katika nyumba ya kwanza turungi. Ya pili turungi. Katika milima ile, kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni sawa na kumfungulia mlango ukiwa umempa mgongo. Nikadhani wamenichukia, jambo ambalo lingekuwa haki. Nikamuuliza Mama Chair ng'ombe wamekwenda wapi, kwa maana maboma niliyoyajua yana ng'ombe mmoja mmoja sasa yalikuwa matupu.

"Kila mtu amechukua yake," akasema, na akaondoka.

Nikaenda kwa Kogo. Nilimkuta amekaa jikoni, watoto wa Mama Cherono wakigombania kiazi kando ya moto. Mama yao alikuwa amekwenda Naivasha kukata maua kwenye mashamba yaliyoezekwa plastiki, akawaacha hapo. Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mtoto wa mlima ule alilijua. Mwenye ng'ombe kadhaa humpa rafiki asiye na kitu mmoja wa kumtunza. Maziwa ni ya mtunzaji na watoto wake, ndama ni wa mwenyewe, na mwenyewe akiridhika siku moja huacha ndama pale pale, na mtu aliyekuwa hana anakuwa nacho. Hakuna karatasi wala riba. Sharti ni moja: mwenye ng'ombe hatangazi, wala watu hawaulizi. Ng'ombe yule wa kahawia alikuwa wa Kogo. Kikundi kizima kilijua, isipokuwa mtaalamu.

"Sasa Kogo, mbona hukusema siku ile? Tungemrudisha!"

"Ningesema nini?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mbele ya wanawake wote, wamebeba hadi mwiko wake, nimwambie hata maziwa ya watoto wako si yako? Ningemwacha na nini huyo?"

"Lakini ni mali yako."

"Ilikuwa mali yangu. Yeye pia ni mtu wangu. Wewe ulinipea nichague moja, na hukujua umenichagulisha." Akasukuma kuni ndani ya moto. "Kijana, sisi tulianza kukopeshana kabla nyanya yako azaliwe. Ulikuja ukatufundisha kama watu hawajui. Hukuuliza. Sasa watu wameona ng'ombe yako ikikaa kwa rafiki inaweza kuuzwa kwa deni ya rafiki. Usiku watu wamefuata ng'ombe zao, moja moja, na kila mtu ako na sababu nzuri. Zamani shida ya jirani ilikuwa inakuita. Sasa inakukimbiza. Hiyo ndiyo faida umetuletea."

Nilianza kumwomba msamaha, kwa Kiswahili changu kizuri cha kwenye mikutano. Akaniinulia kiganja.

"Kunywa chai yako," akasema. "Ni ya rangi, lakini ni ya moto."

Mwanangu, hakuna ng'ombe aliyerudi kulala kwa rafiki mlimani pale, kwa kadiri ninavyojua. Desturi iliyovumilia ukame, magonjwa na mapigano haikuvumilia msimu mmoja wa mkopo wangu. Mama Cherono nilikutana naye mara moja tu, kituo cha mabasi Nakuru. Alinisalimia kwa heshima, akaniita boss, akauliza habari za kazi. Ningependelea tusi.

Usinielewe vibaya. Siwezi kukudanganya kwamba mkopo ni sumu. Mama yangu mwenyewe alipanua kibanda chake kwa pesa za kukopa, na vitabu nilivyosomea ujinga wangu vilinunuliwa na kibanda hicho. Ubaya hauko kwenye pesa. Uko kwenye kile tunachokishika ili zirudi. Nasikia simu yako hiyo, mtu akikopa, kwanza huomba ruhusa ya kuyasoma majina yote aliyoyahifadhi, ili akichelewa mama mkwe wake na mwalimu wa mtoto wake wapigiwe na kuambiwa. Mnaiita teknolojia. Mimi nakuona umesimama langoni, helmeti mkononi, husogei, hugusi kitu.

Basi shika haya. Ukifika mahali kuwasaidia watu, uliza kwanza wanasaidianaje, na ukijibiwa kwa mkato usijaze jibu mwenyewe. Usikopeshe kwa dhamana ya urafiki, kwa maana urafiki ukinadiwa hauna mnunuzi, una wapotezaji tu. Na siku ukiwa wewe ndiye mkopaji, kabla hujauliza riba ni ngapi, uliza watamtuma nani kwako ukishindwa. Wakisema watamtuma rafiki yako, rudisha pesa zao ukalale njaa. Njaa huisha. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba kuna matanga ambayo hata wa kuyapikia hapatikani.

Nenda kazini, mwanangu. Sikuzuii, kwa kuwa mimi sikuzuiwa, na nisingesikia. Mungu akupe mkate usiomtoa mwenzako machozi, akufumbe mdomo pale unapotaka kufundisha, na mambo yakikuharibikia siku moja, atakayebisha hodi mlangoni kwako awe amekuja kuuliza umeamkaje, basi.