Shimo Uani kwa Shaibu

Kijiji kizima cha Mtua kilijua kikohozi cha Shaibu Kaimu kimetoka wapi. Mtu amebeba mashine ya kupulizia mikorosho ya watu salfa, ile dawa ya unga ya kuua ukungu, miaka kumi na tisa, tena pua wazi, asikohoe kwa nini? Wapuliziaji wote hukohoa tangu Juni, na mavuno yakianza kifua husafika chenyewe. Basi Oktoba ilipofika Shaibu bado anakohoa, anaamka shuka limelowa jasho na suruali anaifunga kwa kamba, alisema salfa ya mwaka huu ilikuwa kali. Wenzake wakaafiki. Ndiyo ugonjwa wetu sisi watu wa korosho, kila kifua tunaisingizia salfa.

Aliyekataa ni Dafrosa, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye kwa Shaibu ni mtani. Mtani hana adabu, wala hatakiwi kuwa nayo. Alimshikisha kikopo cha makohozi, akakipeleka mwenyewe zahanati, na majibu yakarudi: kifua kikuu. Dawa miezi sita, kila siku, bila kuruka. Mkewe Ashura naye akapimwa, akaonekana salama.

Miezi miwili ilipopita tu, kikohozi kikakata. Shaibu akawa anakula ugali wa watu wawili na kuokota korosho huku anaimba. Vidonge vyenyewe vinageuza mkojo rangi ya chungwa, na hilo lilimkera kupita kiasi. Akaviacha. Siku nne alivificha kwenye mfuko mtupu wa salfa, mpaka Ashura alipovikuta, akaenda kumwambia Dafrosa.

Kesho yake asubuhi Shaibu alisikia jembe uani. Akatoka, akamkuta Dafrosa anachimba.

"Unafanya nini, mtani?"

"Nakuchimbia kabisa. Ardhi sasa hivi laini, kiangazi utanitesa. Hebu lala hapo nikupime urefu."

Mtu mwingine angetimuliwa kwa fimbo, lakini mtani hatimuliwi. Shaibu alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki, na hofu ikamwingia.

"Lakini nimepona, Dafrosa. Nitazame!"

"Wamekufa wale bakteria waliokuwa wanazurura kifuani. Waliobaki wamelala." Dafrosa akaegemea mpini. "Mwili una walinzi wake. Bakteria akiingia, mlinzi anammeza ili ammalize. Sasa huyu wako ana ganda la nta, gumu, hasagiki. Anamezwa, halafu anakaa humo humo ndani ya mlinzi, anasinzia. Ukiacha dawa leo, ataamka, na safari hiyo huenda ameshaizoea dawa yenyewe."

Jikoni Ashura alikuwa anachoma korosho, moshi wake unawasha macho. Kazi ile Shaibu aliijua tangu utotoni.

"Korosho ukiitoa motoni mapema," alisema polepole, "kwa nje nyeusi, unadhani imeiva. Ukiibangua, mafuta ya ganda yanakuchubua midomo."

"Umesema mwenyewe."

"Kwa hiyo mimi bado niko motoni."

"Na unataka kuruka utoke!"

Siku ile ile walikwenda zahanati, akaungama siku zake nne, akapangiwa namna ya kuzifidia. Waliporudi aliuliza kama shimo lifukiwe.

"Liache," alisema Dafrosa. "Ukiruka siku moja tu, naendelea nilipoishia."

Tangu hapo Shaibu alimeza vidonge vyake kila asubuhi amesimama ukingoni mwa lile shimo, analitazama kwa hasira, kama mtu anayemjibu mdai wake. Alipokwenda Chunyu kwenye harusi ya mpwa wake alivibeba kwenye mfuko wa shati, na alivimeza mbele ya wazee bila haya.

Majibu ya mwisho yalitoka mwishoni mwa Aprili: makohozi safi, hana hata mdudu mmoja. Shaibu alitoka zahanati akikimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, anapiga kelele njia nzima kwamba amepona. Furaha ilimjaa mpaka akalia. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinadondoka.

Jioni Dafrosa alifika kumpongeza. Akakuta shimo limejaa udongo, na katikati umesimama mche wa mkorosho wenye majani manne.

"Wee! Umeniharibia kaburi langu!"

Shaibu alivuta pumzi ndefu, ikaingia mpaka chini kabisa bila kukwama popote.

"Tafuta mwingine wa kumzika, mtani. Mimi Juni nina kazi, na safari hii nafunika pua."