Bi Azelie na Mtihani wa Kutojiweza

Bi Azelie Dugas ana miaka themanini na miwili, nyonga moja ya chuma, kisukari, na kiburi cha kutosha familia tano. Miaka arobaini alimenya kamba wa mtoni katika kiwanda kilicho kando ya mto Teche. Mimi ni Verna Castille, nakaa nyumba ya pili, na kila asubuhi naenda kumtoa kitandani, kumwogesha, kumvisha, kumpikia na kutukanwa. Anayenilipa ni Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo, kwa mpango wake wa kuwatunza majumbani watu ambao bila hivyo wangepelekwa makao ya wazee. Bi Azelie alikaa kwenye orodha ya kusubiri miaka minne kabla ya kupata nafasi. Alipoipata alisema wamechelewa, kidogo tu angekuwa amepona.

Kila mwaka huja muuguzi kumkagua, na hapo ndipo penye vituko. Ili uachwe nyumbani kwako, lazima uonyeshe kwamba umechakaa kiasi cha kustahili kuondolewa. Ukionekana mzima, saa za msaidizi zinakatwa. Na zikikatwa, mwanawe Norris aliyeko Houston ameshasema: anakuja na gari, anampeleka mama makao ya wazee, hataki kupigiwa simu kwamba amekutwa sakafuni. Bi Azelie aliwahi kumtembelea rafiki yake Lurline kwenye makao hayo. Alirudi akasema kahawa yao ni nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe, na kwamba afadhali kaburi, maana kaburini hawakuamshi alfajiri kukupima joto.

Kwa hiyo wiki nzima nilimfunda kama mwali.

"Bi Azelie, Jumanne muuguzi akija usijikaze. Akikuuliza, sema ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hujiwezi."

"Verna, tangu nizaliwe mtu akiniuliza hali nasema nzuri. Mama yangu alikata roho anasema nzuri. Leo nianze kumlilia mtu ambaye hata mama yake simjui?"

Mficha uchi hazai, lakini nenda kamwambie yeye.

Jumanne ilituchukua saa mbili na nusu kumvisha gauni la buluu, hereni na poda. Kiti cha magurudumu aliamuru kipelekwe stoo. Fremu ya kutembelea ikaingia kabatini. Kile kiti cha choo kinachokaa kando ya kitanda nilikifunika kitambaa cha kufuma, juu yake nikaweka chungu cha maua. Kisha nikamketisha kwenye kochi la marehemu Ulysse, mumewe, kochi lililobonyea hata mtu mzima wa afya hutoka humo kwa kuomba Mungu. Gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa kamba, nilipika mimi, yeye akipiga kelele kutoka sebuleni kwamba naunguza unga wa mchuzi.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Latrice Fuselier, mpole, ana mafaili kwapani. Kabla hajaketi akaulizwa mama yake ni nani. Ikagundulika kwamba bibi yake alimenya kamba meza moja na Bi Azelie. Nikajua tumekwisha. Angekuwa mgeni tu, pengine tungepona. Sasa alikuwa mtoto wa watu wa kwetu, na mtoto wa kwetu haonyeshwi udhaifu.

"Bi Azelie, unaoga mwenyewe?"

"Sasa aniogeshe nani, askofu?"

Nikakohoa. Muuguzi alikuwa ameniomba tangu mwanzo ninyamaze, maswali ni ya mwenyewe.

"Verna ana mafua," Bi Azelie akasema, "usimjali."

"Kupika?"

"Hilo bakuli la gumbo unalokwangua limetoka wapi?"

"Ngazi za barazani unashuka bila shida?"

"Nashuka."

Mara ya mwisho alishuka ngazi zile amebebwa na wazimamoto wawili, akiwakaripia kwa kumkunjia sketi. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Muuguzi akaweka alama, akageuza ukurasa, akatupa jicho chumbani kupitia mlango ulio wazi, akasifu maua yale na kigoda chake.

"Cha urithi," akajibu Bi Azelie bila kupepesa.

Nilimchukia kwa dakika moja, nasema kweli. Nilimwona Norris anapakia masanduku. Na sitajifanya malaika, niliiona na kazi yangu inaondoka.

Muuguzi akafunga faili, akashukuru, akasimama. Kwetu mgeni haachwi atoke peke yake. Unamsindikiza hadi barazani, kutoka barazani hadi kwenye gari, na pale dirishani mnaanza mazungumzo mapya. Ukimwacha aende mwenyewe, umemfukuza, na jioni ukoo wake wote una habari.

"Ngoja nikusindikize," akasema Bi Azelie, akashika mikono ya kochi.

Akajivuta. Kochi halikumwachia. Akajivuta tena, hereni zikatikisika, akarudi chini.

"Lakini una haraka gani? Kunywa kahawa kwanza."

Muuguzi akaketi, akanywa. Akasimama. Bi Azelie akajaribu, akashindwa, akakumbuka kuna keki ya njugu. Muuguzi akala keki. Kikombe cha tatu alikinywa akitazama saa. Alikuwa na nyumba tatu nyingine za kukagua. Cha nne alikataa kwa kuweka kiganja juu ya kikombe.

Bi Azelie akanitazama. Nilijua anachotaka. Ningepita nyuma ya kochi kama naenda jikoni, nikamtia mkono kwapani, angesimama, na muuguzi asingeona kitu. Miguu yangu yote miwili ilitaka kwenda. Nikabaki nimekaa, nikatazama viatu vyangu. Mungu anisamehe, sijawahi kumfanyia mtu jambo gumu kama lile.

Kisha nikasikia sauti yake, ndogo, si ile ya kunitukania.

"Mwanangu, kukusindikiza siwezi. Huu mwaka wa pili sijamsindikiza mtu."

Akalia, poda ikaharibika yote. Muuguzi aliketi, akafungua faili, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Kuoga?"

"Verna."

"Kuvaa?"

"Verna."

"Kutoka kitandani?"

"Verna. Na ana mikono baridi, andika."

Ilichukua saa nzima. Mwisho nilitumwa mimi nimsindikize kwa niaba, hadi kwenye gari, na nisirudi mpaka apinde kona.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Saa zangu hazikukatwa, ziliongezwa. Nilimsomea, naye akanuna.

"Zimeongezwa? Kwani huyo mtoto amenionaje?"

"Ameandika hujiwezi kabisa, Bi Azelie. Soma mwenyewe, ndiyo maana wanakuacha hapa."

Akaitwaa ile karatasi, akaivutia puani, akaisoma neno kwa neno, midomo ikicheza. Kisha akanyoosha mkono nimpe simu, akaipokea, akaghairi, akanirudishia.

"Mpigie Norris. Mwambie serikali imekubali kwamba sijiwezi, na kwamba nisijiweze hapahapa nyumbani kwangu."