Nilivyomposa Fardowsa kwa Miguu

Mwaka jana nilipigwa risasi kando ya ziwa, juu kabisa Mlima Kenya, na damu haikutoka hata tone.

Kilichonimwagikia ni maziwa ya ngamia.

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mbele kuna mahali utanionea huruma, na mimi sitaki huruma ya mtu.

Jina langu ni Elmi, mkazi wa Kiwanjani, Isiolo. Babu yangu aliletwa hapa na buti za jeshi la Mwingereza. Mimi nimeendesha lori la mbuzi mpaka macho yakachoka. Kusoma nilisoma ukubwani, jioni, darasa la ngumbaru, kwa hivyo hiki Kiswahili mnachokisoma bure nimekitolea jasho. Kiheshimuni.

Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Nikakaa peke yangu, nikachoka kunywa chai niliyopika mwenyewe, maana ni mbaya.

Ndipo nikamwona Fardowsa.

Fardowsa ni mjane wa mtaa wa Chechelesi, hapa hapa Isiolo. Anauza maziwa ya ngamia, na ana sauti ya kusimamisha lori mteremkoni.

Nikafuata utaratibu. Nikamwendea imamu. Nikawaendea wazee wa ukoo wao. Mwisho nikaenda kwa kaka yake, Abdinur, mwenye duka la matairi. Hakuna mtu wa maana ambaye sikumwona.

Abdinur alinitazama kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Mzee Elmi, dada yangu ameshazika mume mmoja. Unataka nimtafutie wa pili wa kuzika?"

Wateja wake wakacheka. Nikamwambia achague kazi yoyote ya kiume tuifanye sote wawili, tuone nani atazikwa.

Hakuwaza hata kidogo. Akasema tupande Mlima Kenya, begi mgongoni, tulale kwenye hema, tutembee kutoka Ziwa Ellis mpaka Ziwa Michaelson na kurudi. Nikirudi kwa miguu yangu, posa imekubaliwa. Nikirudi nimebebwa, nisilitaje tena jina la Fardowsa.

Nilipaswa kujiuliza wazo hilo amelitoa wapi upesi hivyo. Sikujiuliza. Nilikuwa na hasira.

Asubuhi ya safari Fardowsa alituletea kopo la nyirinyiri, ile nyama kavu ya kuhifadhiwa kwenye mafuta, na mtungi mdogo wa plastiki wenye susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Akatuonya tusikaze kifuniko, kwa sababu susa hupumua.

Kisha akasimama pale kama mtu anayengoja kuambiwa neno.

Mimi nikakohoa, nikaangalia chini kwa heshima.

Abdinur alikuwa na begi jipya jekundu na hakutaka linuke. Dada yake alipogeuka tu, akakaza kifuniko kama nati za gurudumu.

Kiongozi wetu aliitwa Rimberia, Mmeru wa Chogoria, mtu wa maneno machache na miguu ya chuma.

Huo mlima tunauona kila asubuhi kutoka Isiolo. Kuuona ni rahisi. Kuupanda ni kesi nyingine.

Ziwa Ellis tulilifikia tukiwa hoi. Baridi iligandisha nyirinyiri ikawa zege. Abdinur aliichokora mpaka kijiko kikavunjika, tukalala na biskuti.

Lakini yale maji, jamani. Masafi, mengi, yametulia tu. Na hakuna hata ngamia mmoja wa kuyanywa. Nilikaribia kulia. Abdinur akaketi hapo akihesabu mifugo ambayo ingeshiba, mpaka Rimberia akamuuliza kama amekuja kutembea au kununua ziwa.

Kesho yake njia ilisimama wima. Abdinur alipumua kama lori lenye ekzosi iliyotoboka. Mimi niliingia gia ya kwanza, nikabaki hapo hapo. Goti langu lilikuwa linaniita kwa jina la baba, lakini nilimwita Abdinur "shemeji" kila tulipopumzika.

"Bado," alinijibu kila mara. "Mimi si shemeji yako bado."

Tulishuka kwenye bonde la Ziwa Michaelson jua likiwa bado kali. Kuta za mawe kila upande, na maji katikati kama sahani. Rimberia akaanza kusimamisha hema. Abdinur akavua viatu. Akautoa mtungi, akauweka juu ya jiwe upate joto. Ulikuwa umevimba kama mbuzi aliyekula unga, lakini nani aliangalia? Mimi nikaketi, mgongo wangu ukielekea mtungi.

Paa!

Kuta zile ziliudaka mlio, zikaurudisha mara kumi.

Mtu wa kwingine angedhani ni radi. Mtu aliyewahi kupitisha lori Kipsing siku wafugaji wamekorofishana kwa maji na bunduki zinalia hadhani kitu. Analala.

Nikalala kifudifudi, mikono kichwani. Nikasikia kitu cha vuguvugu shingoni, kinateremka mgongoni mpaka kiunoni. Nikajua kwisha kazi. Nikatoa shahada.

"Abdinur, nimepigwa. Mwambie Fardowsa..."

Nikainua kichwa kidogo.

Abdinur hakuwepo. Alikuwa anateremka bonde pekupeku, na kitambi chake kilikuwa kinajaribu kumfikia.

Rimberia akainama juu yangu.

"Mzee," akasema, "mbona damu yako ni nyeupe? Na mbona inanuka hivi?"

Tulimkuta Abdinur katikati ya mawe, kifundo cha mguu kimevimba. Hapo hapo lugha ikabadilika. Shemeji, nishike. Shemeji, polepole. Shemeji, hii habari ya kukimbia tuiache huku huku mlimani.

Basi siku zote za kurudi alining'inia katikati yetu, mkono mmoja kwa Rimberia na mmoja kwangu, na begi lake jekundu juu ya langu. Aliyerudi amebebwa ni yeye.

Tulipofika Isiolo sikuoga. Nilimkokota moja kwa moja mpaka Chechelesi. Fardowsa alikuwa anasugua mitungi.

"Fardowsa," nikasema, kifua mbele, "kaka yako amekubali."

"Amekubali nini?"

"Posa yako."

Aliendelea kusugua.

"Mzee Elmi, mimi si msichana. Mjane huulizwa mwenyewe, dini imesema. Kaka atasimama kama walii wa ndoa, lakini jibu ni langu. Umemuuliza imamu, umemuuliza muuza matairi, umeuuliza hata mlima. Mimi nilikuwa hapa hapa."

Nikamgeukia Abdinur. Alikuwa anachunguza mguu wake.

"Na huyo alilijua hilo," akaendelea. "Daktari alimwambia atembee ateremshe sukari. Ametafuta mtu wa kupanda naye huo mlima, mji mzima umemkataa."

Nilivua kofia. Maneno yote ya ngumbaru yalinikimbia pekupeku kama Abdinur.

"Fardowsa," nikasema, "utanikubali?"

Alinitazama, akatazama yale mabaki ya susa yaliyokauka kwenye kola yangu. Akanisukumia mtungi uliojaa.

"Peleka huu kwenye gari la Nairobi. Ukirudi utakuta chai. Na usikaze kifuniko."

Tulioana baada ya Idi. Abdinur alisimama kama walii huku ameegemea mkongojo, na siku hizi ananiita mzee tena.

Vijana, mkimtaka mtu, mwulizeni yeye kwanza. Mlima hauhami. Mtaupanda mkishajibiwa, na mtakuwa na mtu wa kuwafungia chakula.